Ua Linalochanua Tena: Tuzalishe Tulilo Nalo Kabla ya Kuagiza

Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika na wageni wafadhili



Katika maombi ya bajeti yaliyoletwa na sharika, jambo moja limejirudia. Sharika kadhaa zinaomba fedha za kuagiza kutoka nje miche ya haidrenjia, lile ua lenye vichwa vikubwa vya mviringo, vya buluu, vya waridi au vyeupe. Zinataka hasa zile aina mpya zilizo fupi, ambazo huchanua zaidi ya mara moja kwa mwaka. Akina mama wanazitaka kwa ajili ya bustani za nyumbani, ili maua ya kupamba madhabahu, ya harusi na ya misiba yapatikane karibu, na mwenye ziada auze. Wageni wetu nao, kwa moyo mwema, wamejitolea kuja na vipandikizi katika mizigo yao safari ijayo.

Kabla kamati hazijapiga kura, tumeona ni vema sote tulifahamu ua lenyewe. Fedha tulizo nazo ni kidogo. Shilingi ikishakwenda kwenye mche wa ua haiendi tena kwenye tangi la maji. Hivyo basi, tunaomba mtuvumilie kwa muda mfupi tueleze mambo matatu: aina hizi zilitoka wapi na zilitafutwa kwa sababu gani, zinatufaa kwa kiasi gani, na tufanye nini kwa kile ambacho tayari tunacho.

Ua hili lilitoka wapi

Asili ya haidrenjia tunayoizungumzia ni Japani. Wajapani huiita ajisai, nayo huchanua wakati wa mvua zao za mwezi Juni. Daktari Mswidi Carl Peter Thunberg, aliyefika Japani mwaka 1775, ndiye aliyeieleza kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1784. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Hydrangea macrophylla. Jina hilo la kwanza limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, moja la maji na jingine la chombo. Mkulima asiyejua Kigiriki atalielewa siku moja ya jua kali, atakapoona majani mapana yamelegea kama kitambaa kilicholowa, kisha yakasimama tena jioni baada ya kunyweshwa.

Sasa tuje kwenye hizi zinazochanua tena. Wengi wenu mnaujua mji wa Saint Paul, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, kwa sababu ya uhusiano wa Bega kwa Bega kati ya Sinodi ya Eneo la Saint Paul na Dayosisi ya Iringa, ulioanza mwaka 1987. Pembeni mwa mji huohuo, mahali paitwapo Newport, kuna kampuni ya vitalu iitwayo Bailey Nurseries, iliyoanzishwa mwaka 1905. Mwaka 1998 Profesa Michael Dirr wa Chuo Kikuu cha Georgia, bingwa wa miti na vichaka vya bustani, alitembelea vitalu hivyo na kuona haidrenjia iliyokuwa na maua kwenye matawi yaliyoota mwaka uleule. Mwaka 2004 mmea huo uliingizwa sokoni kwa jina la Endless Summer. Baadaye zikafuata ndugu zake zilizo fupi zaidi. Mojawapo ni Summer Crush ya mwaka 2019, ambayo urefu wake ni kati ya sentimeta 45 na 90 hivi, wakati haidrenjia ya kawaida hufika mita moja na nusu au hata mbili.

Kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa kwa watu wa Minnesota? Haidrenjia ya kawaida huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita. Maua yakishapita, tawi hutengeneza matumba ya maua ya mwakani katika ncha yake, usiku unapoanza kuwa wa baridi. Matumba hayo hulala msimu mzima wa baridi na kufunguka kiangazi kinachofuata. Lakini Minnesota baridi hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi. Matawi ya juu hufa, na matumba hufa pamoja nayo. Mizizi hubaki hai, kichaka huota upya, majani yanapendeza, ila ua halionekani. Mwenye bustani alikuwa akitunza majani matupu mwaka hadi mwaka.

Aina inayochanua tena ilileta nafuu hiyo. Ina uwezo wa kutoa matumba kwenye matawi ya zamani yaliyopona, na pia kwenye machipukizi ya mwaka huohuo. Baridi ikiua ya kwanza, ya pili yanakuja. Baridi isipoua, mwenye bustani anapata maua mapema na mengine baadaye. Ni ufumbuzi mzuri, na uliwafaa walioutafuta.

Je, tatizo hilo ni letu?

Hapa ndipo tunapoomba kamati zifikiri kwa makini. Nyanda zetu za juu hazina baridi ya Minnesota. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na Njombe karibu na mita 2,000. Sakitu huanguka Njombe na Makete mwezi Juni na Julai, na huunguza ncha za mimea iliyo mahali pa wazi na mabondeni. Lakini hakuna mahali kwenye bustani zetu ambapo ardhi huganda miezi mitano. Matawi yetu hayafi kwa baridi. Kwa hiyo matumba ya haidrenjia ya kawaida yana nafasi ya kufika mwisho wa safari yake.

Aidha, ua hili linahitaji usiku wenye ubaridi ili litengeneze matumba, usiku ulio chini ya nyuzi 18 hivi kwa wiki kadhaa. Milimani tunaupata bila kulipia. Mji wa Da Lat huko Vietnam uko kwenye tropiki kama sisi, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na una mashamba ya haidrenjia ya kawaida ambayo watalii husafiri kuyatazama. Kwa upande mwingine, sharika zetu zilizo tambarare na karibu na pwani tunazishauri kwa upendo zisiingie katika jambo hili kabisa. Palipo na usiku wa joto, mmea utatoa majani na kumsumbua mtu kwa kiu yake. Huko kuna bogenvilia, asumini na mihanzirani, ambayo haihitaji kubembelezwa.

Ndugu wajumbe, haidrenjia ya kawaida tunayo. Iko kando ya nyumba za zamani za misheni, kwenye nyua za wazee, nyuma ya ofisi za shule. Mbona basi mingi haichanui? Twende tukaitazame, na mara nyingi jibu tutalikuta mkononi mwetu: ni panga. Tumezoea kufyeka kila kitu kabla ya Krismasi ili uwanja uwe nadhifu. Kichaka kinakatwa hadi chini, na matumba ya msimu ujao yanatupwa shimoni pamoja na takataka. Minnesota mwuaji ni baridi. Kwetu mwuaji ni unadhifu. Hatuhitaji mmea mpya kwa ajili ya hilo. Tunahitaji kujua wapi pa kukata.

Hata hivyo tuwe wakweli: ufupi hauwezi kupatikana kwa panga. Anayekata kichaka kirefu ili kiwe kifupi anakata maua. Kwa hiyo mtu mwenye uwanja mwembamba mjini, au anayetaka kupanda kwenye chungu kibarazani, ana sababu ya kweli ya kutafuta aina fupi. Huyo anunue mche mmoja au miwili kwa fedha yake, kutoka kwenye kitalu halali cha hapa nchini kama kinayo. Huko ni kununua kwa mahitaji ya nyumba, na hakuhitaji kuwa mradi wa usharika.

Kuhusu vipandikizi vya mizigoni

Wageni wetu wapendwa, tunajua mnatoa kwa upendo, na tunaomba mpokee neno hili kwa upendo uleule. Msije na vipandikizi. Sheria ya nchi inataka mmea hai uingie kwa kibali na kwa cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka. Msimamizi wake ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Si usumbufu wa karatasi tu. Kiwavijeshi vamizi, mwenye asili ya bara la Amerika, alithibitishwa Afrika mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa kwenye mahindi yetu. Hatusemi alikuja na maua. Tunasema kwamba mdudu akishavuka bahari harudi kwao, na wa kulipa ni mama mwenye nusu eka ya mahindi.

Kuna jambo la pili. Aina nyingi mpya zina hataza. Nchini Marekani hataza ya mmea hudumu miaka 20 tangu siku ya maombi, na katika muda huo kuuzalisha bila ruhusa ni kosa. Kikundi cha kanisa kisianze biashara yake kwa kitu chenye mwenyewe.

Jinsi ya kuzalisha tuliyo nayo

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Haidrenjia ni mmea rahisi kuzalisha kwa vipandikizi, na gharama yake ni mikono na uangalifu.

Chagua kichaka chenye afya ambacho watu wa pale wanashuhudia kwamba huchanua vizuri. Omba ruhusa kwa mwenyewe. Asubuhi, kata tawi changa lisilo na ua, urefu wa sentimeta 10 hadi 15, chini kidogo ya pingili. Ondoa majani ya chini, na yale mawili ya juu yakate nusu ili yasipoteze maji mengi. Chomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji iliyooza vizuri, uliolowa lakini usiotuama maji. Funika kwa chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, iliyokatwa kitako, na uweke kivulini. Baada ya wiki tatu au nne, vuta kidogo kwa vidole. Kikikataa kung'oka, mizizi imeshika. Kichaka kimoja kizuri kinaweza kutoa miche ya kutosha mtaa mzima, na kichaka chenyewe kisidhurike.

Mahali pa kupanda ni penye jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Upande wa mashariki wa nyumba unafaa, na pia pembeni mwa migomba, mradi mizizi isigombane. Mahali ambapo maji ya mvua hudondoka kutoka paani, kama hapatuami, ni pazuri kuliko katikati ya uwanja. Weka matandazo ya majani makavu ili unyevu ukae. Mwagilia chini kwenye shina. Kunyunyizia majani hukaribisha ukungu. Samadi iwe iliyooza na isizidi. Mmea unaolishwa naitrojeni nyingi hunenepa majani na kusahau maua. Hata wenye aina zile za Minnesota huambiwa hivyohivyo: ukiukosesha maji, ukiushibisha mbolea au ukiuficha kwenye kivuli kizito, ua la pili halitakuja, liwe limeandikwa kwenye kibandiko au lisiandikwe.

Kuhusu kupogoa, tunaomba kila mjumbe akaifundishe kanuni hii nyumbani kwake. Ua likishanyauka, kata mara tu chini yake, juu ya jozi ya kwanza ya macho yaliyonona. Tawi ambalo halijatoa ua liache, kwa maana hilo ndilo lenye ahadi. Matawi yaliyokufa toa yote. Kichaka kilichozeeka, ondoa matawi mawili au matatu ya zamani kutoka chini kila mwaka, mengine yabaki. Panga likae ndani. Kazi hii ni ya mkasi.

Rangi nayo ina siri yake, na ni vema tuijue kabla hatujamuuzia mtu mche kwa ahadi. Rangi ya buluu hutokea mmea unapopata aluminiamu kutoka kwenye udongo, na aluminiamu hupatikana udongo ukiwa na uchachu, yaani kipimo cha pH cha 5 hadi 5.5 hivi. Kipimo kikifika 6.5 na kuendelea, ua lilelile hugeuka waridi. Ndiyo maana kwenye maeneo ya chai, ambako udongo ni mchachu, buluu huja bila kuitwa, na mtu akimwaga majivu ya jikoni kwenye shina kila siku, waridi huja taratibu. Ua jeupe halibadiliki kwa njia hiyo. Kwa hiyo asiyejua udongo wa mteja asiahidi rangi.

Anayekata maua kwa ajili ya kanisa au kuuza, akate asubuhi na mapema na kutumbukiza mashina kwenye ndoo ya maji palepale bustanini. Ncha ya shina ikichovywa kwenye unga wa shabu, ile inayotumika kutuliza tope kwenye maji, ua hudumu zaidi. Na likilegea kabla ya ibada, zamisha kichwa chote katika maji kwa muda. Mara nyingi husimama tena, kwa kuwa haidrenjia hunywa hata kwa petali zake.

Tahadhari

Haidrenjia ina sumu. Mwaka 2008 huko Japani watu waliokula majani yake, yaliyowekwa kama pambo kwenye sahani, walipatwa na kichefuchefu na kutapika. Kwetu hatari iko kwa watoto wadogo, na kwa mbuzi na ng'ombe wanaolishwa zizini. Matawi yaliyopogolewa yasitupwe kamwe kwenye hori. Kwa nyumba nyingi hapa, mbuzi mmoja ni ada ya muhula mmoja wa mtoto. Ua lisije likala ada ya mtoto.

Mapendekezo yetu

Ndugu wajumbe na wageni wetu, kwa hayo yote tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kamati zisipitishe mwaka huu fungu la kuagiza miche ya haidrenjia kutoka nje. Sharika za nyanda za juu zianze kwa kuorodhesha vichaka vilivyopo na kuanzisha kitalu kidogo kimoja kwa kila usharika, chini ya kikundi cha akina mama.

Pili, bustani ya mboga itangulie. Kaya isiyo na maji ya kunyweshea mchicha na sukuma wiki wakati wa kiangazi isipewe mche wa ua unaokunywa kama huu. Kufanya hivyo ni kumwongezea mama safari nyingine ya mtoni, na mara nyingi ndoo hiyo ataibeba binti anayetakiwa kuwa shuleni.

Tatu, tunawaomba wafadhili wetu kwamba fedha mliyokusudia kwa miche iwe ya matangi ya kuvunia maji ya mvua kwenye paa za makanisa na vitalu. Maji hayo yatanywesha mboga kwanza, miche ya matunda na ya miti pili, na maua yatapata sehemu yake. Wale kati yenu mnaokuza haidrenjia kwenu, na tunajua mpo, tunaomba mtupe kilicho bora kuliko kipandikizi: kaeni nasi bustanini asubuhi moja na mkasi mkononi, mtuonyeshe macho yaliyonona ni yapi. Mikono yenu imejifunza hayo kwa miaka mingi ya kusubiri baridi iishe.

Nne, kila usharika utakaoanza kitalu utoe taarifa kwa ofisi kila robo mwaka: miche mingapi imeshika, mingapi imekufa, nani amepewa, na nani ameuza. Tunataka kujua mapato yamekwenda kwa nani, maana kuna wajane katika vikundi hivi, na mradi ukianza kulipa, wasio wajane hujitokeza wengi.

Baada ya misimu miwili ya maua tutakaa tena. Kama itaonekana kwamba aina fupi zinahitajika kweli kwa wanaoishi mjini, tutafuata njia ya halali, kwa kibali na kwa idadi ndogo, tukiwa tayari tunajua kulitunza ua hili. Tusipoweza kukichanuza kichaka kilicho nyuma ya ofisi ya shule, hata kile cha ng'ambo kitatushinda.

Sasa tunaomba maswali, na baada ya hapo mwenyekiti ataongoza kura.